Hoteli za Nachingwea na Ruangwa: Habari za Chakula cha Kununua

Neno hoteli, katika Kiswahili cha kusini ya Tanzania, halina maana ya nyumba ya kulala wageni. Maana yake ni nyumba ya kula: meza mbili tatu, mabenchi, birika la chai lisiloondoka motoni, na ubao ulioandikwa kwa chaki bei ya wali na ya ugali. Nyumba za namna hii ziko Nachingwea na Ruangwa kama zilivyo kila mji, na mpita njia hadhani kwamba zina historia. Walakini wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi ni mahali pazuri pa kuchunguza jambo hilo, kwa sababu desturi ya kuuza chakula kilichopikwa haikukua huku polepole kama ilivyokua katika miji ya pwani. Iliingia kwa haraka, katika miaka michache, pamoja na matrekta.

Kabla ya hapo msafiri katika nchi ya Wamwera alikula kwa mwenyeji wake. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi ilinunua nafaka njiani, lakini ilinunua nafaka mbichi, ikapika yenyewe. Chakula kikishakuwa chunguni hakikuwa tena bidhaa. Kilikuwa heshima ya nyumba. Hata njaa iliyofuata vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambayo iliua watu wengi kusini kuliko risasi, haikuleta soko la chakula kilichopikwa. Watu waliingia porini kuchimba mizizi, na miongoni mwa vyakula vya porini vinavyojulikana sana huku ni ming'oko, ambayo habari zake zitakuja tena.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wajumbe wakiongozwa na John Wakefield kutazama kama Afrika ya Mashariki yafaa kulimwa karanga kwa mashine. Wajumbe hao walishauri mashamba 107, kila moja ekari 30,000, na katika hayo 55 yawe katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947, ikaenea Urambo na Nachingwea. Mwaka 1948 shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation lilishika mpango wote. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kuelekea bara, na bandari mpya ikaanza kuchimbwa Mtwara. Mahali palipokuwa msitu pakawa kambi, na kambi ikawa mji.

Yaliyoandikwa juu ya mpango huo ni mengi. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lenyewe, alitoa kitabu chake mwaka 1950, na wengine wengi wamemfuata. Wote wahesabu ekari, mashine na pauni. Ni haki yao, maana hasara ya karibu pauni milioni 36 si jambo dogo. Lakini mji hauliwi kwa hesabu ya ekari. Vibarua waliotoka sehemu mbalimbali za kusini, na hata ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa wanaume walioacha wake zao nyumbani, na wanaume hao walikuwa na njaa kila siku saa sita.

Mwajiri wa zama zile alimpa kibarua posho, yaani unga, maharage na chumvi kwa kipimo. Posho ilikuwa na kasoro moja iliyo dhahiri kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya jembe au shoka: haijipiki. Mtu aliyeng'oa visiki tangu alfajiri alipaswa kutafuta kuni, maji na chungu, kisha asonge ugali. Pengo hilo, kati ya unga wa mwajiri na ugali wa kuliwa, ndilo lililozaa biashara mpya. Haishangazi kwamba Kiswahili kina neno moja, genge, kwa kundi la wafanyakazi na kwa mahali pa kuuzia vyakula vidogo vidogo. Palipo na genge la kwanza, la pili hufuata.

Mpishi wa kuuza alikabili swali ambalo babu zake hawakulijua. Mgeni akija bila fedha, je, afukuzwe? Katika desturi ya nyumbani kumnyima mtu chakula kilichokwisha kuiva ni aibu. Katika biashara kumpa bure ni kufilisika. Jibu lililopatikana, nalo ladumu hata leo, ni daftari la madeni. Mtu anakula sasa, analipa mwisho wa mwezi. Kwa njia hiyo aibu iliepukwa na fedha ikapatikana, au angalau ikaandikwa.

Isisahauliwe pia kwamba kula katika Tanganyika ya ukoloni kulifuata rangi. Wazungu wa mpango wa karanga walikuwa na mabwalo yao ya chakula. Wahindi na Waarabu walikuwa na maduka yao. Mwafrika alikula penye moshi. Hoteli ya chai ya Mwafrika au ya Mwarabu wa Shihiri haikuwa mahali pa fahari, lakini palikuwa mahali ambapo Mmwera, Mmakonde, Myao na Mmakua walikaa benchi moja wakazungumza Kiswahili. Katika mji usio na wazee wala misikiti ya zamani, benchi hilo lilifanya kazi ya baraza.

Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuacha mpango mkubwa, na mashamba yaliyobaki yakaendeshwa kwa kiasi kidogo. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, wakati mzigo iliyojengewa haupo tena, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vyuma vimekwenda, jina limebaki: Nachingwea ina kata iitwayo Stesheni, ambako hakuna gari moshi linalofika. Lakini watu hawakuondoka wote. Mji uliozaliwa kwa ajili ya karanga uliendelea kula bila ya karanga za Waingereza.

Mgeni wa pili mkubwa alikuja kwa siri. Tangu 1965 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikuwa na kambi ya mafunzo karibu na Nachingwea, katika shamba la zamani la karanga lililoitwa Farm 17. Kambi hii haikutegemea hoteli za mji. Wapiganaji walilima na kupika wenyewe, na ulinzi haukuruhusu mazoea. Samora Machel alianzia hapo mwezi wa Mei 1975 safari yake ya kurudi Maputo.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa kila mwenye birika. Operesheni Maduka ya 1976 iliyafunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini, na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 sukari, mafuta na unga wa ngano vilikuwa adimu nchi nzima. Hoteli ya chai bila sukari ni kitu cha kuchekesha, ila kwa mwenye nayo. Ndiyo miaka ambayo mwanamke mpishi, asiye na nyumba wala leseni bali sufuria na jiko, alichukua nafasi ya hoteli. Dar es Salaam alipewa jina la mama ntilie, kwa sauti ya mteja anyoshaye sahani, na jina hilo likaenea mikoani. Kwa haki ingefaa kusema kwamba kazi ni kongwe kuliko jina.

Fedha ya wilaya hizi, tangu karanga zishindwe, yatoka kwenye korosho, na baadaye ufuta na mbaazi. Fedha ya mazao yaja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo daftari la madeni ambalo kwa kibarua lilifungwa kila mwezi, kwa mkulima hufungwa msimu. Jambo hili lilionekana wazi katika msimu wa 2018. Wakulima walikataa bei ya minada. Rais John Magufuli akaamuru mwezi wa Novemba kwamba serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizisombe. Bei ilikuwa njema. Malipo yalichelewa kwa wengi hata mwaka uliofuata, huku wakihakikiwa ili kuwatenga walanguzi wa kangomba. Mkulima asipolipwa, muuza wali naye halipwi, na muuza mchele humngoja muuza wali.

Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 1995, sasa ina wageni wa namna mpya. Namungo, timu ya mpira ya hapo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na siku wanapokuja Simba au Yanga katika Uwanja wa Majaliwa mji hulisha watu kuliko uwezo wake. Pia kuna uchimbaji wa madini ya kinywe, na kwa huo swali la 1948 limerudi. Kambi ya mgodi hupika ndani ya ua au hununua nje? Kanuni za madini za 2018 zataka huduma za Watanzania zitangulizwe, lakini Mtanzania aweza kuwa kampuni ya Dar es Salaam kama awezavyo kuwa mama wa Ruangwa mwenye masufuria manne.

Na ming'oko? Chakula cha porini, kilichookoa watu wakati wa njaa, sasa huuzwa kando ya njia, kimechemshwa kwa chumvi, pamoja na pilipili. Wanawake wengi wanaokichimba hawana hoteli wala ubao wa bei. Hupanga mafungu juu ya sinia, na abiria wa basi hunyosha mkono dirishani akanunua.