Uadimu wa Kutengenezwa: Rejista za Ushindani na Madaraja ya Sarafu

Miongoni mwa wakusanyaji na wafanyabiashara wa sarafu nchini Marekani kuna dai lililozoeleka hata watu hawaoni tena haja ya kulithibitisha: kwamba rejista za ushindani za mtandaoni, zinazoendeshwa na kampuni za kupanga madaraja, ndizo kumbukumbu bora ya makusanyo ambayo taaluma ya sarafu imewahi kuwa nayo. Anayetaka kujua ni seti ipi ya dola za Morgan au ya senti za Lincoln iliyo bora kuliko zote, wanasema, asihangaike na katalogi za minada. Afungue rejista aone nani yuko namba moja. Makala hii inalipinga dai hilo. Rejista haipimi ubora uliokuwapo kabla yake. Inazalisha uadimu wa aina mpya, kisha inawapanga washindani kwa uadimu huohuo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mmiliki hupeleka sarafu yake kwenye kampuni, hasa PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 au NGC iliyoanza mwaka uliofuata. Wataalamu huikagua kama ni halisi, huipa namba kati ya 1 na 70, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Mwanzoni mwa karne hii kampuni zote mbili zilikuwa na rejista mtandaoni, ambamo mmiliki huandikisha sarafu kwa namba ya cheti. Kila seti ina nafasi zilizokwisha kuainishwa: mwaka fulani, kiwanda fulani, pengine na aina ndogo ya chapa. Kompyuta hujumlisha, na wamiliki hupangwa kuanzia wa kwanza. Rejista ya PCGS haipokei sarafu iliyomo katika kasha la kampuni nyingine.

Kuhusu faida ya cheti chenyewe sina ugomvi na mtu. Tangu George Akerlof aandike mwaka 1970 juu ya soko ambalo muuzaji anaijua bidhaa kuliko mnunuzi, wachumi wamekubaliana kwamba shahidi wa tatu hupunguza udanganyifu, na biashara ya sarafu ni mfano mzuri wa hilo. Ugomvi unaanza tunapouliza ushindani unamfanya nini mkusanyaji. Jean Baudrillard, mwaka 1968, alidai kwamba kinachomsukuma mkusanyaji ni kile kitu kimoja kinachokosekana, na kwamba kukamilika kwa mkusanyo ni aina ya kifo. Rejista inalikanusha dai hili waziwazi. Juu ya orodha zimejaa seti zilizokamilika kwa asilimia 100, na wenye seti hizo ndio wanaonunua kwa pupa kuliko wote. Hawatafuti sarafu wasiyokuwa nayo. Wanatafuta namba kubwa zaidi ya sarafu waliyo nayo. Wendy Espeland na Michael Sauder wako karibu zaidi na ukweli. Katika utafiti wao wa mwaka 2007 juu ya shule za sheria za Marekani walionyesha jinsi taasisi zinavyojibadilisha ili zipande katika orodha inayodaiwa kuzipima tu. Hata hivyo shule za sheria zilikuwapo kabla ya orodha, na aliyetunga orodha hakuwa mmiliki wa shule. Katika sarafu, anayetoa alama na anayeendesha mashindano ni mmoja.

Asili ya alama hizo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo kosa la hesabu lilipoanzia. Mwaka 1949 William Sheldon, mwanasaikolojia aliyejulikana zaidi kwa nadharia yake ya maumbo ya miili, alichapisha kitabu juu ya senti kubwa za shaba za Marekani za miaka 1793 hadi 1814. Humo alipendekeza skeli ya 1 hadi 70. Namba zile hazikuwa kipimo cha hali peke yake. Zilikuwa kizidishi cha bei. Sarafu iliyochakaa kabisa lakini bado inatambulika ilipewa 1, na kila aina ilikuwa na bei yake ya msingi. Sarafu ya daraja la 20 ilitarajiwa kuuzwa mara 20 ya bei hiyo, na iliyo kamilifu mara 70. Haikupita miaka mingi soko likaivunja kanuni hiyo, maana bei za sarafu safi zilipanda kwa kasi kuliko zile za sarafu zilizochakaa. Kanuni ikafa, namba zikabaki. Baadaye zikahamishiwa kwenye sarafu za kila aina, za dhahabu, za fedha, za nikeli, ambazo Sheldon hakuzikusudia.

Skeli iliyobaki ni ya mpangilio tu: inatuambia ipi iko juu ya ipi, haituambii imezidi kwa kiasi gani. Kati ya 20 na 25 hakuna daraja lolote linalotolewa, ilhali kutoka 60 hadi 70 kila namba inatumika, na tangu mwaka 2010 kuna hata alama ya kujumlisha kwa sarafu inayokaribia daraja la juu. Umbali kati ya 58 na 60 ni alama ya mzunguko mkononi mwa watu. Umbali kati ya 69 na 70 ni doa ambalo jicho la kawaida halilioni. Hata hivyo fomula ya rejista ya PCGS huzichukua namba hizi na kuzitafutia wastani kana kwamba hatua zote zinalingana. Mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza angekatazwa kufanya hivyo.

Watetezi watajibu kwamba wastani huo una uzito: sarafu adimu hupewa uzito mkubwa, ya kawaida mdogo. Ni kweli, na tuijaribu hoja hiyo kwa mfano wa kubuni. Chukua seti ya sarafu kumi, tisa zikiwa na uzito wa 1 na moja adimu ikiwa na uzito wa 8. Jumla ya uzito ni 17. Anayeipandisha ile adimu kutoka daraja la 40 hadi 45 anaongeza wastani wake kwa pointi 2.35, na hapo uzito umefanya kazi yake vizuri. Lakini panda hadi kileleni. Washindani wawili wa kwanza wote wana ile adimu katika daraja bora linalopatikana, na nyingine nane wanalingana. Anayeshinda ni yule ambaye senti yake moja ya kawaida ni 68 badala ya 67, tofauti ya pointi 0.06. Uzito unawatenganisha walio chini na walio juu. Walio juu wanatenganishwa na sarafu zisizo adimu hata kidogo, na fedha hufuata huko.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote ni wa senti ya Lincoln ya mwaka 1963, ile iliyofuliwa Philadelphia kwa namna maalumu kwa ajili ya wakusanyaji. Mwaka huo ziliuzwa seti 3,075,645, kila seti ikiwa na sarafu tano ndani ya mfuko wa plastiki, kwa dola 2.10. Kwa kipimo chochote cha kihistoria hii ni sarafu ya kawaida mno. Haikuzunguka sokoni, haikupotea, haikuyeyushwa kwa wingi. Imehifadhiwa na watu wale wale walioinunua ili waihifadhi. Lakini mwaka 2003 moja iliyokuwa na daraja la 70 pamoja na sifa maalumu ya mng'ao ilifikia mnadani zaidi ya dola 39,000. Wakati huo hapakuwa na nyingine iliyopewa namba hiyo pamoja na sifa hiyohiyo ya mng'ao. Bei ilitangaza kwamba inafaa kutafuta nyingine, na watu wakatafuta. Seti za zamani zikafunguliwa, senti zikapelekwa kukaguliwa, za daraja la 70 zikaongezeka, na bei ikaporomoka hadi sehemu ndogo sana ya ile ya kwanza.

Tukio hili husimuliwa kama onyo kwa mnunuzi mwenye haraka. Nadhani linasema jambo kubwa zaidi. Uadimu uliolipiwa mwaka 2003 haukuwa sifa ya senti, kwa kuwa senti hazikubadilika. Ulikuwa sifa ya idadi ya watu waliokuwa wamekwisha kulipa ada ya ukaguzi kufikia siku ile. Ripoti za idadi zinazochapishwa na kampuni huhesabu ukaguzi, na hazihesabu sarafu zilizopo. Tena huhesabu vibaya, kwani kuna desturi ya kuvunja kasha na kuirudisha sarafu ikaguliwe upya kwa matumaini ya kupata namba kubwa zaidi. Lebo ya zamani isiporejeshwa, sarafu moja huonekana mara mbili, mara tatu. Rejista ndiyo inayoifanya desturi hiyo iwe na faida hata kwa asiyekusudia kuuza.

Kampuni zina jibu: zimetoa dhamana ya kumfidia mnunuzi iwapo sarafu ilipewa daraja la juu isivyostahili, kwa hiyo hazina sababu ya kugawa namba kwa ukarimu. Dhamana hiyo ni ya kweli na imewalinda wengi. Haigusi, hata hivyo, orodha ya seti wala uzito wa kila nafasi, mambo ambayo mwenye mashindano huyaamua mwenyewe. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki PCGS kwa kutangaza kwamba upangaji wake wa madaraja ni wa haki tupu na usioyumba, na shauri likaisha kwa makubaliano. Kilichokuwa na walakini kikiwa maoni juu ya sarafu moja hakiponi kwa kujumlishwa mara mia.

Lipo jema moja la rejista ambalo wakosoaji wengi hulipuuza. Mfululizo uliodharauliwa kwa miaka, kama senti kumi za Roosevelt, umepata watu wanaoujua mwaka kwa mwaka, na mfanyakazi mwenye kipato cha kawaida anaweza kuwa wa kwanza humo. Picha za makusanyo ya binafsi, ambazo zamani zingebaki ndani ya sefu hadi siku ya mnada, sasa zinaonekana na kila mtu. Ninazitumia picha hizo, na ninawashukuru wenyewe.

Tatizo linazidi tunapoingia katika sarafu za kwetu Afrika Mashariki, maana madaraja haya sasa yanatumika dunia nzima. Chukua rupia 15 ya dhahabu ya mwaka 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, iliyofuliwa na Wajerumani katika karakana ya reli ya Tabora kutokana na dhahabu ya Sekenke. Zilitengenezwa 16,198, miezi michache kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwezi wa Septemba. Mashine hazikuwa za kufulia sarafu na vita vilikuwa vimebana, kwa hiyo sarafu ambayo haijawahi kutumika inaweza kuonekana hafifu kuliko inavyopaswa. Aina mbili hutambuliwa kwa mahali linapoishia pambo chini ya neno OSTAFRIKA, chini ya herufi A au chini ya T, na tofauti hiyo rejista inaweza kuipa nafasi. Lakini nyingi zilipachikwa kwenye vidani na pete. Iliyobaki na alama ya kulehemiwa huandikwa kwamba ni halisi ila imeharibika, wala haipewi namba. Pasipo namba hakuna cha kujumlisha, na hivyo sarafu iliyobeba ushahidi wa mikono iliyoishika baada ya vita haina thamani yoyote katika mashindano.

Sarafu za shaba za Kilwa zinashindikana zaidi. Zina jina la sultani na maneno ya kumtukuza Mungu, hazina mwaka. Mpangilio wao umejengwa na waakiolojia kwa kulinganisha tabaka za udongo, maandishi na maumbo. Orodha ya nafasi zilizofungwa haiwezi kuandikwa juu yao bila kwanza kuamua maswali ambayo watafiti bado wanayajadili, na sarafu iliyofungiwa kwenye kasha bila kumbukumbu ya mahali ilipochimbuliwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kile ambacho ingetuambia, hata ikipewa daraja la juu kiasi gani.

Kwa sababu hizo ninapendekeza nafasi ya seti katika rejista isitajwe tena katika maandishi ya kitaaluma kama uthibitisho wa ubora, na ripoti za idadi zisitumike kukadiria sarafu ngapi zimesalia. Zitumike kwa kile zinachokirekodi kwa uaminifu: nani alipeleka nini kukaguliwa, lini, na soko lilikuwa likilipa kiasi gani wakati huo. Makumbusho ya Afrika Mashariki yanayofikiria kupeleka sarafu zao kupangiwa madaraja yana sababu ya kutofanya hivyo kabla ya kurekodi uzito, mhuri, alama za kulehemiwa na historia ya umiliki wa kila moja, kwa kuwa hayo ndiyo lebo ya plastiki isiyoyabeba.