Kuhifadhi vifaranga wa samaki kwa muda kwenye chombo cha plastiki

Bwawa lisipokuwa tayari, vifaranga wa perege au sato wanaweza kukaa siku chache kwenye beseni au pipa la plastiki. Tahadhari na maji ya bomba: klorini inayoyafanya yawe salama kwa kunywa huua samaki.

• Tumia chombo kipana kilichokuwa na chakula. Kilichobeba dawa za shambani au mafuta ya gari hakifai kabisa. Kioshe bila sabuni.

• Acha maji ya bomba yakae wazi kwa saa 24 au zaidi ili klorini ipungue.

• Uache mfuko wa vifaranga uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha wafungulie.

• Weka chombo kivulini. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua.

• Samaki wakihema juu ya maji, wapunguze na ubadilishe theluthi moja ya maji kwa maji mengine yaliyolazwa.

• Walishe kidogo. Makombo huoza na kuchafua maji.

• Funika kwa wavu imara uliofungwa vizuri: samaki huruka, na mtoto mdogo anaweza kuzama.

Weka alama kwenye chombo hicho. Kisitumike tena kwa maji ya kunywa.