Kituo cha Umahiri cha Afrika cha Upoozaji Endelevu na Mnyororo Baridi

Kituo hiki, maarufu kwa kifupi cha ACES, ni taasisi ya mafunzo na utafiti iliyopo Rubirizi, Kigali, Rwanda. Kilianzishwa mwaka 2020 na serikali za Rwanda na Uingereza pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP). Miongoni mwa washirika wake wa kitaaluma ni Chuo Kikuu cha Rwanda na Chuo Kikuu cha Birmingham.

Kigali ni mahali panapofaa kwa kituo kama hiki: Oktoba 2016 nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikubaliana hapo Kigali kupunguza gesi za HFC, zinazotumika kwenye majokofu na viyoyozi. Gesi ya R-134a, kwa mfano, hupasha joto angahewa mara zaidi ya 1,000 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100.

Mbadala wake mara nyingi ni propani au isobutani. Hizi hazina madhara makubwa kwa hali ya hewa, ila zinawaka. Fundi aliyezoea kuachia gesi ya zamani itoke hewani, kisha kuwasha tochi ya kuchomelea mabomba, hawezi kufanya hivyo tena. Sharti ajifunze kupima uvujaji, kusafisha mfumo kwa naitrojeni na kupima gesi kwa gramu. Ndiyo maana katika mafunzo ya aina hii karakana ina uzito zaidi kuliko mihadhara.

Kituo hushughulikia pia hifadhi baridi ya mazao, samaki na chanjo, na mpango wake unahusisha vituo vidogo katika nchi nyingine, Kenya ikiwemo.