KARAMA ZILIZOTULEA: HISTORIA FUPI YA UIMBAJI NA UTUMISHI WETU MOSOCHO



Katika matayarisho ya Jubilei hii ya Fedha tumeulizwa mara nyingi kwaya imeimba nyimbo ngapi na imerudi na vikombe vingapi. Hayo mtayasikia leo kwenye risala. Katika kurasa hizi tunataka kukumbuka jambo lililotufikisha miaka 25, nalo ni jinsi watu wa kawaida walivyosaidiwa kutambua karama zao na kuzitumia.

Kabla ya kwaya

Abagusii waliimba kabla ya kanisa lolote kujengwa kwenye vilima hivi. Walikuwa na obokano, ala kubwa ya nyuzi nane yenye mlio mzito, na mpigaji wake alialikwa kwenye sherehe za mbali. Kipaji chake kiligunduliwa na jamii: watu walimsikia, wakamwita, naye akaendelea kujifunza kwa sababu alihitajika.

Wamisionari wa Mill Hill walianzisha misioni ya Nyabururu, jirani zetu, mwaka 1911. Mwaka 1914 vita kati ya Waingereza na Wajerumani vilifika hadi mji wa Kisii, na misioni ikaporwa. Kazi ilianza upya baadaye. Kama ilivyokuwa katika misioni nyingi za wakati ule, padre alikuwa mmoja na vijiji vilikuwa vingi. Aliyefundisha sala, aliyezuru wagonjwa na aliyeanzisha wimbo siku ya Jumapili alikuwa katekista, mara nyingi mkulima aliyerudi shambani kesho yake. Kanisa letu limesimama juu ya karama za walei tangu mwanzo.

Askofu Otunga na Mtaguso

Jimbo la Kisii liliundwa mwaka 1960, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga. Jina lake tunalitamka kila siku hapa Mosocho kwa sababu ya Shule ya Upili ya Cardinal Otunga, iliyoanzishwa na Mabruda wa CMM wenye asili ya Tilburg, Uholanzi. Otunga alikuwa mwana wa chifu huko Bungoma, na ilitarajiwa arithi kiti cha baba yake. Yeye alichagua upadre. Tunawakumbusha vijana wetu jambo hili: mzazi anaweza kukuandalia kiti kizuri, lakini wito wako ukawa mahali pengine.

Akiwa Askofu wa Kisii, Otunga alikuwa miongoni mwa Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mtaguso huo uligusa maisha yetu kwa njia mbili. Mwaka 1963, hati juu ya Liturujia ilifungua mlango kwa lugha za watu na muziki wao ibadani. Mwaka 1964 na 1965, hati juu ya Kanisa na juu ya utume wa walei zilifundisha kwamba Roho Mtakatifu huwagawia waamini wa kila hali karama zake, na kwamba mwenye karama ana haki na wajibu wa kuitumia kwa faida ya wote. Wachungaji hupima karama hizo, lakini hawatakiwi kuzizima.

Jirani zetu Tanzania walikuwa wameshaanza. Padre Stephen Mbunga alikuwa ametunga Misa Baba Yetu, kwa Kiswahili na kwa mahadhi ya Kiafrika, kabla hata Mtaguso haujafunguliwa. Njia waliyofungua watunzi kama yeye ndiyo iliyotuletea nyingi kati ya nyimbo tunazoimba leo kwa kayamba na ngoma.

Kisha maaskofu wa AMECEA, mwaka 1973 na tena 1976, waliamua kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Katika jumuiya ya nyumba chache, ni vigumu mtu kujificha. Anayesali vizuri anajulikana, anayepatanisha waliogombana anajulikana, na anayewahi kwa mgonjwa anajulikana.

Mwaka ambao kwaya ilikaribia kunyamaza

Mafundisho hayo yalitufaa siku ya shida. Katika miaka yetu ya mwanzo tulikuwa na mwalimu mmoja hodari aliyejua sauti zote nne bila karatasi. Alipohamishwa kikazi, nyimbo ziliondoka pamoja naye. Kwa majuma mengi tuliimba nyimbo zile zile tatu, na baadhi ya wanakwaya wakaacha mazoezi.

Wazee wa kwaya hawakukimbilia kutafuta mwalimu wa kukodi. Walizuru jumuiya moja baada ya nyingine na maswali matatu. Watu huja kwako kuomba msaada gani? Ni kazi gani unaifanya hata bila kuombwa? Wenzako wanaona nini ndani yako ambacho wewe hukioni?

Swali la tatu ndilo lililozaa matunda. Mama mmoja anayeuza ndizi sokoni alitajwa na jirani zake: alisoma sol-fa shuleni, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Ndiye aliyetufundisha kusoma nota. Kijana wa bodaboda alionekana kuwa na mapigo yasiyopotea, akapewa ngoma. Mzee mmoja alitaka sana kuimba besi, lakini sauti haikukaa. Aliambiwa ukweli kwa upole, akaombwa ajaribu kusoma Neno. Leo akisoma, hata watoto hutulia. Na mama mwingine asiyeimba kabisa alipewa daftari la mahudhurio. Yeye humtembelea kila anayekosa mazoezi mara mbili. Tunaamini amewarudisha watu wengi kuliko wimbo wowote.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Sisi tumeuona mwili huo hapa Mosocho.

Kazi iliyo mbele

Ndugu zetu, shida ile inaweza kurudi. Leo mpiga kinanda wetu ni mmoja, na karibuni anaenda chuoni. Sauti ya nne ina wanaume wanne. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba kuanzia Jumapili ijayo kila mwenye kazi katika kwaya atembee na mwanafunzi mmoja: mwalimu, mpiga kinanda, mpiga ngoma, mweka hazina, hata katibu. Maswali yale matatu yatapelekwa tena kwenye jumuiya zote na vigango vyote.

Tunawaomba jambo moja. Ukimwona jirani yako ana karama, mwambie. Usingoje mazishi yake ndipo uisifu.

Karibuni tuimbe!

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote