Viraka vya Gee's Bend

Mfarishi wa viraka ni blanketi la matabaka matatu. La juu huungwa kwa vipande vya nguo, la kati ni pamba, la chini ni bitana, na yote matatu hushikamanishwa kwa bandi inayopenya hadi upande wa pili. Ufundi huu umeenea sehemu nyingi za dunia, lakini ni vijiji vichache ambavyo historia yao inasomeka katika viraka vyao kama Gee's Bend, kijiji cha wakulima Weusi katika kaunti ya Wilcox, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mto Alabama unajikunja hapo na kukizunguka kijiji pande tatu. Jina rasmi tangu 1949 ni Boykin, ila wenyeji hawajaliacha lile la zamani.

Jina hilo la zamani ni la Joseph Gee, mkulima mzungu aliyetoka North Carolina na kufika hapo mwaka 1816 pamoja na watumwa wake, akaanzisha shamba la pamba. Mwaka 1845 jamaa zake waliorithi shamba walilitoa kwa Mark Pettway ili kulipa deni. Mwaka uliofuata Pettway alihamia na watu wapatao 100 aliowamiliki, nao wakasafiri kwa miguu kutoka North Carolina hadi Alabama, mamia ya kilomita. Waliachiwa jina lake. Hadi leo sehemu kubwa ya wanakijiji ni akina Pettway, wakiwamo wengi wasio na undugu wa damu kati yao, na ndiyo sababu orodha ya washonaji mashuhuri wa Gee's Bend hurudiarudia jina hilo moja.

Pamba iliyovunwa kwa jasho la watumwa wa Kusini ilipelekwa kwenye viwanda vya Uingereza na vya kaskazini mwa Marekani. Viwanda vya Massachusetts viliifuma kuwa kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, na wafanyabiashara wa Salem wakakileta Zanzibar kuanzia miaka ya 1830. Hiyo ndiyo merikani, nguo iliyovaliwa pwani na kusafirishwa na misafara hadi maziwa makuu mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoikatiza biashara hiyo katika miaka ya 1860. Waliolima pamba yenyewe walipewa nguo kidogo sana, za kitambaa duni. Kuokoa kila kipande kilichosalia lilikuwa jambo la lazima katika nyumba zao.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, familia za Gee's Bend zilibaki palepale zikilima ardhi isiyo yao kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Mbegu, mbolea na chakula vilichukuliwa kwa mkopo, na deni lililipwa kwa pamba mwisho wa msimu, endapo pamba ilitosha. Nyumba zilikuwa vibanda vya magogo na mbao vyenye nyufa. Wanawake walibandika magazeti ukutani kuzuia upepo, na mifarishi ilitandikwa chini ya walalao na kuwafunika juu. Familia yenye watoto wengi ilihitaji mingi, na mfarishi unaotumika kila usiku huchakaa upesi. Ndiyo maana hakuna uliosalia kutoka enzi ya utumwa. Ya kale zaidi inayojulikana kijijini ni ya miaka ya 1920.

Uso wa mfarishi ulishonwa na mtu mmoja, nyumbani kwake, na hapo hapakuwa na mjadala: rangi na mpangilio vilikuwa vyake. Mtindo unaopendwa kuliko yote huitwa Paa la Nyumba. Mshonaji huanza na kiraka kidogo cha mraba, mara nyingi cha rangi inayowaka kama nyekundu. Hushonea ukanda mmoja ubavuni mwake, hugeuza kazi, kisha hushonea ukanda wa pili kwenye ubavu unaofuata, urefu wake ukichukua na ncha ya ule wa kwanza. Huendelea kuzunguka hivyo, kanda zikizidi kurefuka, hadi mraba unapofikia ukubwa anaoutaka. Miraba minne au zaidi huweza kuunganishwa kuwa mfarishi mmoja. Wapo pia wanaouacha mraba mmoja ukue mpaka ufunike kitanda kizima, na hiyo ndiyo kazi inayodhihirisha ujasiri wa mshonaji, maana kosa la rangi katikati huonekana mpaka pembeni. Mtindo wa pili, Mwashi wa Matofali, hupanga kanda zinazozidi kurefuka kutoka katikati mithili ya ngazi za piramidi. Wa tatu, Msichana Mvivu, ni kanda ndefu zilizosimama sambamba. Jina linacheka wepesi wake, lakini mtindo huo haumfichi asiyejua kupanga rangi.

Vitambaa vilikatwa kwa kukadiria kwa jicho au kuchanwa kwa mkono. Hapa nguo yenyewe ilikuwa na neno lake. Mguu wa suruali ni mpana pajani na mwembamba kifundoni, kwa hiyo ukanda uliotoka humo huwa mpana upande mmoja, na mraba wote huanza kuegemea. Goti lililotoboka hukatwa likatupwa, na kinachobaki huwa kifupi. Mfuko ukifumuliwa kutoka kwenye ovaroli ya jinzi iliyopauka kwa jua na kufuliwa, chini yake hubaki pande la buluu nzito, lenye umbo kamili la mfuko, kama siku nguo iliponunuliwa. Mshonaji hodari hakulificha pande hilo. Alilipeleka mahali ambapo lingeonekana. Mistari iliyopinda na pembe zisizolingana, ambazo wachambuzi wa sanaa walikuja kuzishangilia baadaye, zilianzia katika maamuzi ya namna hii juu ya nguo iliyokwisha kuvaliwa hadi ikachoka.

Magunia ya mbolea, mifuko ya unga na ya sukari ilifuliwa mpaka maandishi yafifie, ikawa bitana au kuchanganywa na viraka. Kwa tabaka la kati, wanawake waliokota masalio ya pamba mashambani au yaliyofagiliwa sakafuni mwa kiwanda cha kuchambulia pamba, wakayapiga kwa fimbo mpaka yatandazike na taka zidondoke. Baada ya hapo kazi ilitoka mikononi mwa mtu mmoja. Mfarishi ulikazwa kwenye fremu ya mbao, mara nyingi iliyoning'inizwa darini kwa kamba ili ipandishwe wakati wa kulala, na majirani wakaizunguka wakipiga bandi na kuimba nyimbo za kanisani. Kesho walihamia nyumba nyingine. Wasichana walianza kwa kutunga uzi kwenye sindano za wakubwa.

Mwaka 1932 kijiji kilikaribia kufa. Bei ya pamba ilikuwa imeporomoka, na mfanyabiashara wa Camden, mji ulio ng'ambo ya mto, aliyekuwa akiwakopesha wakulima kwa miaka mingi, alifariki. Warithi wake walidai malipo mara moja. Familia zaidi ya 60 zilinyang'anywa kila kilichobebeka: nyumbu, ng'ombe, majembe, mikokoteni, mahindi ya akiba. Chakula cha Msalaba Mwekundu ndicho kilichowavusha msimu wa baridi. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliingilia kati, ikanunua takriban ekari 10,000 za shamba la zamani la Pettway, ikajenga nyumba mpya karibu 100, shule na ghala, na katika miaka ya 1940 ikawauzia wakulima ardhi na nyumba kwa mikopo nafuu. Arthur Rothstein, mpigapicha wa serikali, alifika mwaka 1937, na picha zake zinaonyesha vibanda vya awali, kuta za magazeti na wanawake wakishona.

Umiliki huo wa ardhi unastahili uzito zaidi kuliko unaopewa kwa kawaida. Maelezo mengi juu ya Gee's Bend husisitiza upweke wa kijiji, kana kwamba mto peke yake ndio uliohifadhi ufundi wake. Vijiji vingi vya Kusini vilikuwa vya mbali pia, na watu wake wakatawanyika kuelekea Chicago na Detroit. Kilichowafunga pamoja watu wa Gee's Bend ni hati za mashamba. Mama, binti na mjukuu walikaa jirani kwa jirani kwa miongo mingi, na mitindo ikapita kutoka nyumba hadi nyumba bila kukatika.

Mfarishi mmoja wa kipindi hicho unaeleza matumizi ambayo hayahusiani na baridi. Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 alikusanya nguo zake za kazi, suruali na mashati ya shambani, akazishona kuwa mfarishi akisaidiwa na binti yake Arlonzia. Baadaye Arlonzia alisimulia kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake. Rangi ni za buluu iliyopauka, kijivu na weupe wa magunia, na madoa ya kazi yangali yanaonekana. Leo mfarishi huo ni mali ya Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington.

Katika miaka ya 1960 watu wa Gee's Bend walianza kuvuka mto kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura. Lucy Mingo, mmoja wa washonaji hodari wa kijiji, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1962 kivuko kilisitishwa. Safari fupi ya majini ikageuka mwendo wa zaidi ya saa moja kwa barabara, na hali hiyo ilidumu hadi 2006, miaka 44. Martin Luther King alihutubia kijijini Februari 1965. Mwishoni mwa muongo huo bwawa la Millers Ferry lilipandisha maji ya mto na kufunika mashamba mengi yenye rutuba. Kilimo cha pamba kikadhoofika, na sindano ikaanza kuleta fedha.

Francis Walter, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa akikusanya taarifa za waliodhulumiwa kwa kudai haki ya kura, aliona mifarishi imeanikwa kwenye kamba na kutambua kwamba ingeuzika. Machi 1966 wanawake wa Gee's Bend na vijiji jirani waliunda ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, ukaongozwa kwa miaka mingi na Estelle Witherspoon. Mifarishi yao iliuzwa kwa mnada New York, kisha oda zikaja kutoka maduka makubwa kama Bloomingdale's. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa ajira ya kwanza nje ya shamba. Ushirika ulinunua ardhi, ukajenga karakana, na baadhi ya viwanja ukawauzia watu waliofukuzwa na wenye mashamba kwa kujiandikisha kupiga kura.

Lakini duka kubwa hutaka mfarishi wa leo ufanane na wa jana. Washonaji wa ushirika walitakiwa kufuata vipimo, mitindo iliyochaguliwa na rangi za oda, nao wakafanya hivyo kwa ustadi. Jioni, nyumbani, waliendelea na njia yao. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears mifuniko ya mito ya kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Masalio ya kodrai yalibebwa nyumbani kwa wingi: rangi ya dhahabu, kijani cha parachichi, nyekundu ya kutu. Kodrai haipindiki kwa urahisi na haifai vipande vidogo, kwa hiyo viraka vikawa vipana na Paa la Nyumba likapata nguvu mpya. Mifarishi hiyo ya miaka ya 1970 ni ushahidi unaotosha kumaliza dhana kwamba wanawake hawa walishona mistari isiyonyooka kwa kutojua kuinyoosha. Mikono ileile ilinyoosha mchana na kuachia jioni.

Mwaka 1998 William Arnett, mkusanyaji wa sanaa za Wamarekani Weusi kutoka Atlanta, alifika kijijini akitafuta mfarishi wa Annie Mae Young aliouona kwenye picha, ukiwa umetandazwa juu ya rundo la kuni. Alinunua mingi, na mwaka 2002 maonyesho makubwa yalifunguliwa Houston kisha yakahamia jumba la Whitney, New York, ambako mifarishi ilitundikwa ukutani kama michoro. Washonaji walisafiri kwa basi kwenda kuona kazi zao. Mwaka 2003 waliunda jumuiya yao ya kuuza mifarishi, na mwaka 2006 shirika la posta la Marekani lilitoa stempu 10 zenye picha za kazi hizo.

Sifa hizo zilizaa pia maswali ya haki. Miundo ya mifarishi ilikuwa imechapwa kwenye mazulia, vitabu na bidhaa nyingine, na mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi wakidai hawakulipwa ipasavyo. Mashauri yalimalizwa kwa maelewano mwaka 2008. Mraba uliobuniwa kwa suruali kuukuu haukuwahi kuhesabiwa kuwa na mwenyewe kisheria, na suala hilo limeendelea kushughulikiwa tangu hapo kwa kusajili haki za miundo kwa majina ya waliobuni. Mwaka 2015 washonaji Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa kwa pamoja tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi. Ushirika wa 1966 ulifungwa mwaka 2012 baada ya wengi wa waanzilishi wake kufariki, lakini ushonaji unaendelea majumbani. Wajukuu huuza kazi zao wenyewe kwa njia ya mtandao, kila mmoja kwa jina lake, na tangu 2022 hufanyika kijijini tamasha la Oktoba ambapo mifarishi huanikwa nje na wageni hununua moja kwa moja kutoka kwa aliyeishona.