Nunda, Mngwa na Maiti ya Lindi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili alituuliza swali katika kipindi cha fasihi simulizi: je, nunda ni mnyama wa kweli au ni wa hadithi tu? Tulimjibu kwa haraka kuwa ni wa hadithi. Baadaye tuliona jibu hilo halikutosha, ndiyo maana tumeandika makala haya.

Hadithi yenyewe inajulikana na wengi wetu. Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja pamoja na ngano nyingine, akazichapisha London mwaka 1870. Paka wa Sultani Majnuni anaanza kwa kula mifugo. Watu wanapolalamika, sultani anajibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake. Paka anazidi kukua, anakimbilia mwituni na kuwa nunda, mla watu. Anapowaua wana wa sultani, mtoto wa mwisho anaapa kumtafuta na kumwua.

Kwa upande wa pili kuna habari iliyoandikwa kama tukio halisi. William Hichens alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Tanganyika. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1937, alisimulia kisa cha Lindi cha mwaka 1922. Wafanyabiashara walikuwa wakiacha bidhaa zao sokoni usiku, na askari akizilinda. Usiku mmoja, mwenzake alipokwenda kupokea zamu, alimkuta askari huyo ameraruliwa na kufa, huku mkononi ameshika nywele za rangi ya kijivu. Mashahidi walisema waliona paka mkubwa mno mwenye michirizi. Wenyeji walimwita mngwa, na Hichens alisisitiza kuwa watu hao walijua vizuri kumtofautisha na simba na chui.

Tukumbuke kwamba Hichens huyu si mgeni kwa walimu wa Kiswahili. Ndiye aliyehariri *Al-Inkishafi*, toleo la mwaka 1939, na diwani ya Muyaka bin Haji iliyotoka mwaka 1940. Kwa hiyo aliyetuandikia habari za mngwa alikuwa mtu aliyezama katika ushairi wa mwambao. Alidai hata kwamba mngwa ametajwa katika utungo wa Fumo Liyongo, na akamhesabu mngwa na nunda kuwa mnyama mmoja. Hapo ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Utungo wa kale unaweza kuthibitisha kuwa neno lilikuwapo. Hauwezi kuthibitisha kwamba mnyama yule ndiye aliyemwua askari wa Lindi.

Tulinganishe na marozi, simba mwenye madoa wa milima ya Aberdare nchini Kenya. Mwaka 1931 mkulima Michael Trent aliwapiga risasi simba wawili wa aina hiyo, na Kenneth Gandar Dower akaenda kuwatafuta wengine, kisha akatoa kitabu mwaka 1937. Hapo palikuwa na ngozi ya kutazama. Wataalamu waliweza kubishana juu ya kitu kilichopo mbele yao, wakijua pia kwamba simba wachanga huwa na madoa. Kwa upande wa mngwa, hakuna ngozi wala fuvu lililowahi kuthibitishwa.

Je, tuseme basi kwamba watu wa Lindi walidanganya? Hasha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania, na Lindi ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Hofu ya usiku katika mkoa huo ina msingi. Mtu aliyeraruliwa ameraruliwa kweli, hata kama jina la aliyemrarua lina mashaka. Inatusikitisha kwamba katika kisa hiki jina la mnyama limebaki na jina la askari halikutajwa.

Turudi kwenye hadithi, kwani imebeba somo ambalo huwa tunalipita. Kijana anarudi nyumbani na mbwa, kisha fungo, kisha ngawa, punda milia, twiga, kifaru, hata tembo. Kila mara anaimba kwa furaha kwamba amemwua nunda, na kila mara mama yake anamwambia siye. Mama ana vigezo vyake: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa kama ya fungo, mkia mnene. Hadanganyiki kwa ukubwa wa mzoga wala kwa shangwe za mwanawe, ingawa yeye mwenyewe amefiwa na watoto.

Hivyo ndivyo tungependa wanafunzi wetu wasome masimulizi: wapokee msiba kwa heshima, lakini wasikubali kila mzoga kuwa nunda. Likizo ijayo, kila mmoja awaulize wazee wa kwao, iwe Busoga, Acholi au Ankole, kuhusu mnyama wa kuogopwa wa kijiji chao. Aandike maneno yao kwa lugha yao, kisha ayatafsiri kwa Kiswahili. Na kama kuna aliyeuawa, jina lake liandikwe kwanza.