Banda la Makuti la Uani

Banda la makuti la uani ni jengo dogo lisilo na kuta, au lenye kuta za kimo cha kiuno tu, ambalo huezekwa kwa majani ya mnazi na kusimamishwa juu ya nguzo chache katika ua au bustani ya nyumba, ili wenyeji wapate mahali pa kukaa, kula na kupokea wageni nje bila kupigwa na jua. Katika pwani ya Kenya na Tanzania ndilo linalofanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na gazebo ya mbao yenye pembe sita au nane, na wenye nyumba wengi huliita gazebo vilevile.

Majengo ya kupunga upepo yana historia ndefu katika pwani hii. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 habari za roshani kubwa ya mviringo iliyoelekea bahari, iliyojengwa kwa mbao zilizotiwa rangi na kufunikwa paa la umbo la hema, ambamo baba yake alikuwa akinywa kahawa pamoja na jamaa zake watu wazima. Banda la leo ni jengo la hali ya chini zaidi, lakini haja inayolizaa ni ileile.

Anayetaka kujenga banda kwa kawaida huanza kwa kuchagua umbo, ilhali kinachostahili kutangulia ni paa, kwa kuwa paa ndilo linaloamua kimo, unene wa nguzo na gharama ya matunzo. Vipande vya makuti ya kuezekea hutengenezwa kwa kukunja vijani vya kuti juu ya kijiti na kuvishona, kisha hufungwa juu ya fito kwa safu zinazolaliana, na maji ya mvua huteremka kutoka safu hadi safu bila kupata nafasi ya kupenya. Utaratibu huo hufaulu pale tu paa linapokuwa na mwinamo mkali, wa nyuzi 45 hivi. Likilazwa zaidi, maji hukawia juu yake, makuti hubaki na unyevu na kuoza mapema. Kwa hiyo banda la mraba lenye upana wa mita 4 huwa na kilele kilichopanda mita 2 juu ya mtambaapanya, yaani boriti inayolala juu ya vichwa vya nguzo na kubeba kenchi. Kimo hicho huwashtua wenye ua mdogo, nao humwambia fundi apunguze mwinamo, jambo ambalo huleta hasara kubwa kuliko kupunguza upana wa banda lenyewe. Kuhusu umbo, vijiti vya makuti vimenyooka, hivyo hukaa vizuri zaidi kwenye paa la pande bapa, na katika paa la duara hulazimika kukatwa vifupi. Paa la mviringo lawafaa zaidi watu wa bara wanaoezeka kwa matita ya nyasi. Mabati huhitaji mwinamo mdogo na hudumu muda mrefu, lakini bati tupu lisilo na dari hushusha joto juu ya vichwa vya waliokaa na kuzima mazungumzo mvua inaponyesha, na ni vigumu kuona sababu ya kulipendelea mahali penye makuti.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni jua la alasiri. Jua la adhuhuri huzuiwa na paa lolote, kwa kuwa katika jiji kama Dar es Salaam halishuki chini ya nyuzi 60 hivi juu ya upeo hata mwezi Juni, linapopita upande wa kaskazini. Lakini kufikia saa kumi alasiri, saa ambayo familia hutoka kukaa nje, jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi upande wa magharibi na huingia chini ya paa. Iwapo mtambaapanya uko mita 2.4 kutoka sakafuni na paa linaishia hapohapo, mwanga wake hupenya zaidi ya mita 4, yaani hufunika sakafu nzima ya banda lililotajwa. Upenu, ambao ni sehemu ya paa inayotokeza nje ya nguzo, ukirefushwa sentimita 70 kwa mwinamo uleule wa nyuzi 45, ukingo wake hushuka hadi mita 1.7, na jua hukoma mita 2.2 ndani ya nguzo, hivyo karibu nusu ya sakafu hubaki kivulini. Mtu mzima hulazimika kuinama kupita chini ya ukingo huo, kwa hiyo mlango huwekwa upande mwingine. Ambapo upenu mrefu hauwezekani, mkeka au pazia la mianzi upande wa magharibi husaidia.

Upepo nao una majira yake: kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, wenye nguvu zaidi, huvuma katikati ya mwaka. Banda lililoachwa wazi kwa pepo zote mbili hupoa vizuri, mradi kenchi zifungwe barabara kwenye mtambaapanya na nguzo zishikwe imara chini, kwa sababu paa lisilo na kuta huinuliwa na upepo kutoka ndani. Chini ya mnazi hapafai, kwa sababu ya nazi zinazoanguka.

Ukubwa hupimwa kwa fanicha. Meza ya watu sita yenye urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 0.9, pamoja na nafasi ya sentimita 90 kila upande ya kuvuta viti, huhitaji mita 3.6 kwa 2.7, na nguzo zinapaswa kuwa nje ya eneo hilo.

Miti ya mikoko, ambayo wafanyabiashara huipanga kwa unene kuwa fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ilitumika kwa karne nyingi, lakini uvunaji wake sasa hudhibitiwa kwa vibali, na mnunuzi hana budi kuuliza ilikotoka. Mvinje unaopandwa na wakulima wa pwani umechukua nafasi yake kwa sehemu kubwa. Mti wowote ukizikwa udongoni huvamiwa na mchwa, hivyo nguzo huwekwa juu ya kiatu cha chuma kilichoshikwa na zege, na sakafu huinuliwa juu ya ardhi.

Kasoro kubwa ya makuti ni moto. Cheche moja ya jiko la mkaa yatosha, na paa likishika, halizimiki kwa ndoo. Kwa sababu hiyo banda hutengwa na nyumba kuu na jikoni, na mahali ambapo nyumba zimebanana, kama katika mji wa kale wa Lamu, mabanda yanayojengwa juu ya dari za nyumba huwa hatari kwa mtaa mzima. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Dalili ya kwanza ya kuchakaa ni vitobo vya mwanga vinavyoonekana kwa aliyesimama ndani mchana, na fundi aliyefunga safu zikikaribiana huchelewesha dalili hiyo kuliko aliyezitawanya ili kuokoa idadi ya vipande.